Mlingoti Ndani ya Kinu cha Bibi

Enzi zetu pale Biryogo, picha ilikuwa kitu cha kutafutwa. Haikuja yenyewe mkononi kama leo. Tuliitafuta juu ya bati, kwa miguu mitupu, mtaa mzima ukipiga kelele.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka. Televisheni ilikuwa bado changa nchini, na Baba, dereva wa lori la Bujumbura, alituletea moja ya nyeusi na nyeupe, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Jioni majirani walikuja na vigoda vyao. Mama alipika chai ya maziwa sufuria kubwa, tangawizi mpaka inakuna koo, na mandazi yaliisha kabla habari hazijaanza. Sisi watoto, tumetoka kuruka kamba, magoti mekundu kwa udongo, tulikaa mbele kabisa tukibanana na kufinyana. Picha ikianza chenga, wote tulimwita mtu mmoja: kaka yangu Hamisi.

Hamisi ndiye alikuwa mwenye paa. Alipanda, akaishika antena, akauliza, "Vipi huko?" Mimi nilisimama mlangoni, nalipokea swali nalipeleka ndani, kisha narudisha majibu nje. "Bado!" "Rudisha!" "Hapo, hapo... yewe Hamisi, umeharibu!"

Shida ni kwamba Hamisi alikuwa na imani yake. Aliamini antena lazima iangalie nchi mechi inakochezwa. Wakicheza Kamerun, anaigeuzia magharibi, upande wa Zaire. Wakicheza Kenya, anaielekeza Kabuga, maana barabara ya mashariki inapita kule. Na kwa kuwa siku nyingine bahati ilimwangukia, hakuna aliyembishia. Ila mimi nilikuwa nimeona kitu. Nikienda shule asubuhi nilizitazama antena za mtaa, na zile za nyumba zenye picha safi zote ziliangalia mlima Jali, kwenye minara ya matangazo, kama waumini walioelekea kibla. Nikamwambia. Akacheka hadi akashika tumbo.

"Wewe mukobwa, unajua nini ya paa?"

Na kweli sikujua, maana kwetu wasichana paa lilikuwa mwiko. Kirazira, alivyosema Bibi, mama yake Baba. Msichana hapandi paa wala hapigi mluzi. Akipanda, atailetea nyumba mkosi. Bibi alikuwa na macho ya kipanga. Nikiisogelea ngazi tu, sauti yake inatoka jikoni: "Mwana wanjye, shuka!" Nami hata kipago cha kwanza sijakikanyaga.

Mwaka ule nilikuwa namaliza shule ya msingi, nina ndoto moja iliyoninyima usingizi: shule ya ufundi, nikasome umeme. Tochi ya Baba niliifungua na kuifunga mpaka skrubu zikachoka. Lakini Shangazi alikuwa ameshanitengea cherehani kibarazani kwake. Nilipomweleza Baba, hakufoka. Alinihurumia, na hilo liliuma zaidi.

"Mwanangu," alisema, "fundi wa umeme asiyepanda paa ni sawa na dereva asiyejua kurudi nyuma. Na paa, Bibi yako hatakuruhusu. Nenda kwa Shangazi."

Basi ikawa hivyo, nikaanza kupima vitambaa kwa macho. Hadi Ijumaa moja mvua ya upepo ikaing'oa antena na kuitupa uani. Kesho yake kulikuwa na mechi. Baba alikuwa njiani kutoka Bujumbura na alikuwa ameshawaalika madereva wenzake. Hamisi alikuwa Kabuga kwa Mjomba. Mama akashika kiuno, akaitazama antena chini kama kuku aliyekufa.

Nikamfuata Bibi jikoni, anachambua maharage.

"Bibi, mwiko ni paa, siyo?"

"Ni paa."

"Na mti uliosimama chini, kando ya nyumba?"

Alichomoa kijiwe, akakitupa. "Mti ni mti," akasema, akaendelea na maharage.

Tulikuwa na mti mrefu wa mkaratusi, mkavu, uliobaki tulipojenga ua. Niliifunga antena kwenye ncha yake kwa waya, nikapigilia kijiti huku chini, usawa wa kiuno, kiwe mkono wa kuzungushia. Lakini nilihitaji kitu cha kuushika mguu wake, uzunguke bila kuhama. Bibi mwenyewe akanisukumia kwa mguu kinu chake cha zamani, kile cha kutwangia majani ya sombe, kilichopasuka ubavu. Mama na mimi tukausimamisha mti ndani ya kinu, tukauzungushia raba za tairi kuukuu kwenye nguzo ya baraza, tusikaze sana. Nikashika kijiti. Nikauzungusha taratibu kuelekea Jali.

"Hapo!" Mama akapiga kelele kutoka ndani. "Usiguse! Usipumue!"

Baba alipoingia na wageni akakuta picha inang'aa. Akatoka uani, akatazama juu. "Hamisi! Shuka basi ule." Paa lilikuwa tupu. Chini, kando ya kinu, Bibi ameketi kwenye kigoda, mkono mmoja juu ya kijiti kama askari wa zamu.

"Nani amepanda?" Baba akauliza.

"Hakuna aliyepanda. Miguu ya binti yako nimeiangalia mimi mwenyewe. Haikubanduka kwenye udongo."

Wakati wa mapumziko Baba alitoka tena. Akauzungusha mti huku, akauzungusha kule, wageni ndani wakilia, "Acha, mzee, unatuua!" na yeye anacheka peke yake uani. Aliporudi alimwambia Mama, bila kunitazama, "Shangazi atafute mtu mwingine wa cherehani."

Tangu siku hiyo Bibi hakuruhusu mtu aguse kijiti. Hamisi aliporudi na Kamerun yake, alifukuzwa kwa mwiko wa ugali.

Shule ya ufundi niliisoma kidogo tu. Kisha ikaja ile Aprili ya mauaji. Mnaijua, sitaieleza hapa. Tuliporudi nyumbani televisheni haikuwepo, milango haikuwepo, na Bibi hakuwepo. Kinu kilikuwepo, na mti ndani yake, umeinama kidogo kuelekea Jali.

Mafundi wengi nao hawakuwepo. Jirani akaja kuuliza nani anaweza kumuungia waya juu ya bati. Nilileta ngazi. Nikapanda paa kwa mara ya kwanza maishani, polepole, nikiisubiri sauti. Hakuna aliyesema shuka. Nilikaa kule juu nikalia, halafu nikauunga waya.

Leo binti yangu Zaituni amesomea umeme mpaka akachoka kusoma. Anafunga paneli za sola kuanzia Ndera hadi Kagugu, na suruali yake, na mluzi wake, na hakuna anayegeuka kumtazama. Ila mtandao ukikatika nyumbani, yeye na wenzake wanainamia simu zao kama kuku kwenye mvua. Hakuna hata mmoja wa kuzungusha kitu! Nawapenda hivyo hivyo. Kila msichana anayenijia kwenye kibanda changu cha ufundi akitaka kujifunza, namwonyesha ngazi kwanza.

Mimi siku hizi nabaki chini, naishikilia. Akifika kipago cha juu, moyoni nasikia, "Mwana wanjye, shuka." Natamani ningeisikia kweli, hata mara moja. Halafu namwambia kwa sauti: "Panda, mwanangu. Nimeshika."