Aliyenisemea Makaburini

Nilitoka Lodwar juu ya lori la samaki wakavu, nimeketi kwenye magunia, na harufu yake ikaniganda mwilini hadi Voi. Kitale nilipanda basi, Nairobi nikapanda treni. Nimezunguka nchi hii tangu nilipomaliza sekondari. Nimelala Isiolo, Homa Bay, Garissa na Namanga, nikichomelea mageti na madirisha ya watu, wala sijawahi kuona safari kuwa ndefu, maana kwa kawaida hakuna anayeningoja mwisho wake. Hii ilikuwa ndefu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Kila mji uliopita uliniachia tusi bora kuliko la mji uliotangulia, na tulipofika Mtito Andei niliyaona yote yamekaa sawa, hakuna la kuongeza.

Nilikuwa naenda kumwona ndugu yangu mkubwa. Alikuwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, hajitambui, na figo zake zilikuwa zimesimama. Nilimwomba Mungu asife kabla sijafika. Nilitaka anisikie.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli. Alitutoa Butere tukiwa wadogo akatuleta Voi, na alipofariki alirudishwa Butere akazikwa kwao. Mama alibaki. Jioni akipepeta mchele mlangoni, treni ya mizigo ikipita, alikuwa akisema, "Msije mkaniacha huku kwenye mchanga mwekundu. Mnipeleke kwa baba yenu." Tulimwitikia sote wawili. Ndugu yangu alipata kazi ya mkonge akapanda hadi kuwa nyapara, mtu wa kuamrisha wenzake kuanzia alfajiri. Mimi nikashika njia.

Mama alipokufa sikuambiwa. Nilipata habari soko la Garissa, kutoka kwa mwanamke wa Voi aliyekuwa akiuza mitumba. Alinipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akaacha kukunja nguo akanitazama.

"Si ulisema tuendelee?"

"Nani alisema?"

"Wewe. Ndugu yako alisimama pale makaburini akatuambia amekupigia simu, uko mbali, umesema tuendelee, na unatusalimu wote."

Ndivyo mama yangu alivyozikwa makaburi ya mji, Voi, kwa ruhusa yangu. Nilikaa na hasira hiyo miaka kadhaa. Sikurudi, kwa sababu sikutaka kupiga kelele mlangoni kwa mtu halafu nifukuzwe kama mlevi. Nilitaka nipate siku ambayo hataweza kuondoka.

Mkewe, shemeji yangu, mtu wa Mwanda kule milima ya Taita, ndiye aliyenipigia. Nilimkuta nje ya wodi amejifunga leso mbili, macho yamevimba.

"Pole na safari, shemeji."

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Kwenye simu yake. Amekuandika Mtembezi."

Kumbe namba alikuwa nayo.

Akanieleza. Kifutu alimuuma mguuni akikagua mistari ya mkonge. Hakutaka vijana wake wamwone akitetemeka, akaenda kwa mtu mwenye jiwe jeusi la nyoka, likafungwa juu ya jeraha, akarudi kambini akichechemea na kujisifu kwamba hata nyoka wanamwogopa. Mguu ukavimba hadi kwenye paja. Kisha mkojo ukakatika, akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajui yuko wapi.

"Madaktari wanataka mtu wa kumsemea," shemeji akasema.

"Si wewe mkewe?"

"Mimi? Akifa, watu wenu watakuja kutoka Butere waseme yule Mtaita alimtoa mtu wetu akachezewe na mashine. Sema wewe. Wewe ni damu yake."

Daktari aliyekuja kuzungumza nami alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, wa kikundi cha watafiti. Alinikalisha kwenye benchi akaeleza kama anayemweleza jirani. Wote mle ndani, akasema, wanatunzwa inavyopasa. Ila kuna jambo ambalo madaktari wenyewe bado wanabishana. Figo za mgonjwa mahututi zikisimama, je, ni bora aanze dialisisi mara moja, damu isafishwe na mashine, au angojwe kwa uangalifu ili figo zipewe nafasi ya kuamka zenyewe? Kwa mgonjwa ambaye hajafika kwenye hatari, hawana hakika. Kwa hiyo wanapiga kura ya bahati nasibu kwa kila mgonjwa, wengine wanaanza, wengine wanangoja, na ikitokea dalili ya hatari kungoja kunaisha papo hapo.

"Yeye hawezi kujisemea, kaka. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Na akiamka akute nimeshamsemea?"

"Nitamwendea nimuulize mwenyewe. Akikataa ninamtoa kwenye utafiti, na matibabu yake yanaendelea vilevile."

"Hata kama mimi nilikubali?"

"Hata kama. Wewe unamshikia neno tu. Neno ni lake."

Nilimwomba arudie. Alirudia kwa upole, akidhani sikuelewa. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana. Nikatia sahihi.

Kura ikamwangukia upande wa kungoja. Basi nikangoja pamoja naye. Saa za kuona wagonjwa zilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza mlangoni, na kitu nilichokitazama si uso wake. Uso ulikuwa na bomba mdomoni na kope zilizovimba, haukuwa na la kuniambia. Nilitazama mfuko wa mkojo uliotundikwa ubavuni mwa kitanda. Ulikuwa mtupu, na chini kabisa kulikuwa na maji kidogo ya rangi ya chai ya rangi. Nilikuwa nikiinama kuutazama kama mkulima anayekagua tangi lake kiangazi. Kojoa, nilimwambia moyoni. Kojoa uamke, nina neno nawe.

Muuguzi mmoja aliniona nimeinama vile.

"Unampenda sana ndugu yako."

"Namngoja," nikamjibu.

Mfuko haukujaa. Kipimo cha damu kilionyesha potasiamu imepanda kiasi cha kuweza kusimamisha moyo, na daktari wa zamu akasema kungoja kumekwisha. Wakamtia mpira mnene shingoni wakamuunga na mashine. Shemeji hakuweza kutazama, akatoka. Mimi nilisimama. Damu yake ilitoka ikazunguka kwenye mipira inayoonyesha ndani, ikapita kwenye chujio, ikarudi mwilini. Nilifikiri kwamba damu ile ilitoka tumbo moja na yangu, na mwenye tumbo amelala kwenye mchanga alioukataa. Sikumwonea huruma. Niliitazama mashine ile kama kibarua wangu, inifanyie kazi yangu.

Ikafanya. Siku zilivyokwenda uvimbe ukashuka, sumu ya nyoka na ya figo ikapungua kichwani mwake, wakamtoa bomba la mdomoni. Nilikuwa nimeketi pale alipofungua macho akanitambua. Sauti yake ilikwaruza.

"Wewe?"

"Mimi. Mtembezi."

Akafumba macho tena. Nilimwacha. Nilitaka kwanza apate nguvu za kutosha kukasirika.

Daktari wa utafiti alikuja alipoona mgonjwa anajua siku na mahali alipo. Akavuta kiti akamweleza yote kama alivyonieleza mimi, kisha akasema, "Ulipokuwa hujitambui, ndugu yako alikubali kwa niaba yako. Sasa nakuuliza wewe mwenyewe, mzee. Unakubali kuendelea?"

Ndugu yangu alinigeukia na uso wa nyapara ukamrudia wote.

"Nani alikupa ruhusa ya kunisemea?"

Yale matusi yote ya kutoka Lodwar sikuyahitaji hata moja.

"Hukuwepo," nikamwambia. "Nikasema tuendelee."

Alinikazia macho. Kisha niliona linamwingia, taratibu, kama dawa ya sindano. Daktari alitutazama kwa zamu, akasema, "Una haki ya kukataa, mzee. Hakuna atakayekulaumu."

"Nitoe," akasema, akigeukia ukutani.

"Sawa. Asante kwa kunisikiliza." Akaandika, akamtakia nafuu, akaenda zake. Nilimsindikiza kwa macho. Kumbe ni jambo jepesi hivyo. Mtu anavuta kiti, anauliza, anasikia jibu. Ndugu yangu alikuwa na mdomo na simu, na hakuuliza.

Jumapili walikuja watu wa kanisa, akina mama wengi na mzee mmoja wa kanisa mwenye Biblia, wale wale waliokuwa makaburini. Ndugu yangu alikuwa ameshahamishiwa wodi ya kawaida, akipelekwa dialisisi kwa zamu. Walipokizunguka kitanda niliwasalimu, nikasema kabla ya maombi mgonjwa ana neno.

"Sina neno," akasema.

"Analo. La siku ya mama."

Hata wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kututazama. Angeweza kuniita mwongo. Lakini alikuwa amelala, mguu umefungwa, mpira shingoni, na watu wamemzunguka pande zote.

"Sikumpigia," akasema hatimaye. "Nilisema nimempigia, sikumpigia."

"Kwa nini, baba?" mama mmoja akauliza.

"Angekuja na fujo zake, atake twende Butere. Nilikuwa nimechoka."

Bibi mmoja aliyekuwa rafiki wa mama sokoni alijifunga leso upya, polepole.

"Kila Jumanne mama yako alikuwa akiniambia anataka kulala kwao," akasema. "Mimi nilifikiri alibadili nia. Nilifikiri watoto wake wote wawili wamekubaliana." Akamgeukia mzee wa kanisa. "Omba, baba, twende."

Maombi yalikuwa mafupi siku hiyo. Shemeji aliwasindikiza hadi nje, na aliporudi hakumlisha kwa mkono wake kama kawaida. Aliweka bakuli la uji karibu naye akampa kijiko.

Ningeweza kuondoka hapo. Nilibaki kwa sababu figo zilikuwa bado hazijaamua, na nilitaka kujua zitaamua nini. Alasiri moja, akiwa kwenye mashine, aliniita karibu. Alikuwa amekonda, ameelewa kwamba mtu anaweza kufa.

"Nikienda," akasema, "unipeleke Butere. Unizike kando ya baba."

Nilidhani sikusikia.

"Kando ya baba ni mahali pa mama."

"Najua. Nakuomba. Nikiondoka wewe ndiye mkubwa, watakusikiliza. Usiniache huku."

Hiyo ndiyo iliyonimaliza, kwamba aliweza kuyatamka maneno yale yale na asiungue ulimi.

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Siku hiyo nitakusemea."

"Utasemaje?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Akajiinua kunishika mkono, shingo ikapinda, mashine ikaanza kupiga kelele. Muuguzi akaja akimkemea, "Mzee, tulia, unabana mpira," akamlaza. Alilala akinitazama kwa pembe ya jicho hadi muda wake ulipokwisha.

Mkojo ulirudi. Ulianza kidogo, kisha ukawa wa kutosha, na madaktari wakampumzisha dialisisi, wakamtoa mpira shingoni, wakamruhusu aende nyumbani arudi kliniki. Shemeji alilia kwa furaha. Mimi pia nilifurahi, na sioni haya kusema sababu. Mtu aliyekufa hawazi atazikwa wapi.

Nilimpeleka hadi kambini kwake, nje ya Voi, kwenye nyumba zilizopangwa kwa mistari na mkonge hadi upeo wa macho. Nilitengeneza mlango wake wa jikoni uliokuwa umekatika bawaba, kwa ajili ya shemeji. Kulipokucha nikafunga mfuko. Nilipitia makaburini nikaketi na mama mpaka jua likapanda, na niliyomwambia ni yake na yangu. Kurudi kuchukua vifaa vyangu nilimkuta ndugu yangu amesimama nje na fimbo.

"Unaenda wapi?"

"Taveta. Kisha ng'ambo ya mpaka."

"Utarudi lini?"

"Sirudi. Siku yako nitaletewa habari, nitapiga simu niseme neno langu."

Akaja hatua chache, mguu mbovu ukiburuta. "Hujanijibu. Utawaambia nini?"

"Hutakuwepo," nikamwambia, nikashika barabara.