Mikono ya Nyasura

Kwanza nilisikia mlio, mwembamba kama wa nyuki aliyenaswa kwenye chupa, ukija kutoka ziwani. Nikatazama juu, sikuona kitu. Mkuu wa kiwanja hapa Musoma, mzee mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akacheka.

"Nyangeta wa Buswahili, mbona unatafuta mawinguni? Ndege ikiwa juu inakuwaga ya rubani. Ikishashuka tu, ni yako."

Ndivyo ilivyoanza siku yangu ya kwanza ya kuongoza ndege. Nawaambia vijana mnaoniuliza: angani sikuwahi kupaogopa. Nilichoogopa ni ndege ndogo inayotembea chini, taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini. Rubani amekaa kushoto, ncha ya bawa la kulia iko mbali naye, na maegesho yetu yalikuwa finyu. Bawa likigusa ndege nyingine, hata mkwaruzo tu, zote mbili zinalala hapo hadi fundi aje kuzikagua. Kwa hiyo mwongozaji anasimama mbele na kusema kwa mikono. Ukiipunga, maana yake njoo. Ukiipishanisha juu ya kichwa, ikawa msalaba, maana yake simama. Mdomo haufanyi kazi, injini inaumeza.

Asubuhi moja ndege ilikuja kumchukua Wegesa, mwimbishaji wa kwaya kutoka Nyasura, Bunda. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na hospitali ya Mwanza ilikuwa inamsubiri. Kwaya nzima ilimsindikiza, ikajipanga kwenye uzio nyuma yangu. Upande wa kulia ilikuwa imeegeshwa ndege ya watalii.

Wegesa akapandishwa, injini ikawaka. Wanakwaya wakaanza kupunga mikono, leso, kanga, hata mwamvuli. Rubani, kijana mgeni, akaona mikono yote inamwita, akaja. Nikapishanisha yangu juu ya kichwa. Hakuiona, ilikuwa imepotea katikati ya ile mingine. Bawa likazidi kuusogelea mkia wa ndege ya watalii. Nikamwaza Wegesa mle ndani, nikaiona Mwanza inakwenda mbali. Nikaruka juu, mikono ikiwa msalaba, nikaruka tena.

Ghafla ndege ikasimama. Rubani alikuwa ametumbua macho, wala hanitazami mimi. Nikageuka. Uzio mzima, akina mama na wajomba, walikuwa wamepishanisha mikono juu ya vichwa, wanaruka.

"Mnafanya nini?" nikauliza injini ilipozimwa.

"Si tumekufuata wewe!" akajibu mama mwenye mwamvuli. "Tulijua ndivyo mnavyoagaga huku!"

Kati ya bawa na mkia ilibaki nafasi ya kupitisha sahani ya ugali. Rubani akatoa kichwa dirishani. "Dada, wewe mmoja sikukuona. Ila kanisa zima likisema simama, nitabisha?"

Mkuu akafuta machozi ya kicheko, kisha akatuita tuisukume ndege nyuma kwa mikono, sisi na wanakwaya wenye nguvu. Ikaondoka salama. Kabla jua halijazama simu ikapigwa kutoka Mwanza: mama mzima, mtoto analia sauti ya kwanza.

Baadaye nilihamishiwa Mwanza, nikarudi Musoma chini ya mkuu mwingine, mpole, ambaye kabla hata hajakunywa chai aliagiza uzio usogezwe mbali. Kazi imenipa magoti mabovu na masikio mazito, na bado naipenda. Lakini miaka yote hiyo sikuwahi kupanda ndege. Nilipostaafu, wenzangu wakanizawadia safari ya Mwanza.

Nyasura walikuja kuniaga, Wegesa mbele na kijana wake aliyemzidi urefu. Nilipofika ngazini, wote wakainua mikono, wakaipishanisha juu ya vichwa.

Rubani wa safari hii akashtuka. "Mama, mbona wale wanatusimamisha?"

"Hawatusimamishi, baba. Ndivyo wanavyoagaga," nikasema, nikainama nikaingia, na mlango ukafungwa nyuma yangu.