Picha Zisizo na Maneno

Mama Bobini anatengeneza cherehani, na asikudanganye mtu kwamba hiyo ni kazi ya wanaume. Kibanda chake kina meza moja, taa ya kuinamisha, kopo la mafuta na kompyuta kuukuu inayonguruma kuliko mashine za wateja. Kwenye kompyuta hiyo anasimamia orodha ya mafundi wenzake. Ni anwani moja tu ya barua pepe: ukiandika hapo, barua inawafikia wote mia mbili, kila mmoja katika mji wake. Aliyekwama anauliza, anayejua anajibu.

Anayejua kuliko wote ni Mwalimu, mzee aliyemfundisha Mama Bobini kazi tangu hajui hata kuweka sindano. Kiharusi kilimnyang'anya maneno: kusema ni kwa shida, kuandika ndiyo hakuna kabisa. Akili lakini iko palepale. Basi mtu akiuliza, Mwalimu hufungua mashine yake, huweka kidole penye kasoro, na binti yake hupiga picha na kuituma. Picha tupu, bila neno. Mafundi wanaelewa. Hiyo ndiyo njia pekee iliyombakia ya kuwa fundi.

Kisha zikaja takataka. Dawa za kuotesha nywele, bahati nasibu, wachumba wanaotafutwa, asubuhi mpaka jioni. Watu wakaanza kujitoa, leo wawili, kesho watano. Mmoja, mdomo wake hauna breki, akamwandikia Mama Bobini kwamba kama nyumba imemshinda kufagia, aseme. Maneno yale yalimchoma. Alishinda kwenye kompyuta siku nzima, akaona takataka karibu zote zinakuja kama picha isiyo na maandishi. Akaweka sheria kwenye chujio la barua: picha bila maneno, moja kwa moja pipani. Hasira zilivyomjaa, Mwalimu hakumjia akilini hata kidogo.

Jamani, utulivu ulioje! Wiki nzima haukuonekana hata unywele mmoja. Wenzake wakamsifu, naye akavimba kichwa. Wiki ya pili akaona maswali mengine yanakaa bila majibu, na Mwalimu kanyamaza. Akajisemea mzee atakuwa hajisikii vizuri, Jumamosi nitakwenda kumwona. Jumamosi zikapita mbili. Kazi zilikuwa nyingi, na uvivu nao ulikuwepo, tuseme ukweli.

Aliyepiga simu ni binti wa Mwalimu. Alisalimia kwa heshima na kuulizia watoto.

"Dada, samahani. Baba anataka kujua amewakosea nini."

Mama Bobini akauliza amewakosea vipi tena. Binti akaeleza kwamba mzee anatuma picha kama kawaida, ila hapati jibu, hata asante. Tangu juzi amekataa kuigusa mashine. Amekaa tu, anaangalia ukuta.

Mama Bobini akakimbilia kompyuta. Akafungua lile pipa, ambalo kwa bahati alikuwa hajalimwaga, na humo katikati ya wachumba na nywele akakikuta kidole cha Mwalimu. Picha kumi na tisa. Springi iliyolegea. Gia iliyolika meno. Moja ilikuwa imepigwa mara tatu, kila mara karibu zaidi na dirisha, kumbe mzee alidhani hawaoni vizuri.

Akaifuta ile sheria, akaweka nyingine: picha bila maneno isubiri mlangoni mpaka aitazame kwa macho yake, asubuhi na jioni. Itamchosha, na wenye papara watalalamika. Walalamike. Halafu akazituma zote kumi na tisa kwenye orodha, kila moja na jina la aliyeuliza, akaandika chini kwamba kosa ni lake peke yake.

Ndipo akapiga simu, akaomba Mwalimu awekewe simu sikioni.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekufungia mlango. Wenzangu hawakuziona picha zako. Hata moja."

Mzee alikuwa anayatafuta maneno, na Mama Bobini akamngoja.

"Basi," alisema Mwalimu, "hawaja... hawajanichoka."

Mama Bobini akalia palepale kibandani, mteja amesimama mbele yake na cherehani mkononi, wala hakuona haya.