Hodi Niliyopiga Nyumbani Kwangu

Niliondoka Voi Jumatatu, tarehe 12 Agosti 1996, kwenda kuuliza swali moja tu: kama bado nilikuwa mke wa boma alikozikwa mume wangu. Nawaandikia ninyi, wenzangu wa darasa la watu wazima, mlionisindikiza hadi kituoni mkiniuliza kwa nini nisiandike barua. Swali la namna hiyo haliandikwi. Huulizwa ana kwa ana, na anayejibu awe anakutazama.

Marehemu Okelo alikuwa fundi wa mabomba. Alikuja Voi akiwa kijana, akanioa mimi Mtaita, na ndiye aliyeninunulia daftari la kwanza nilipoanza kusoma nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Hatukujaaliwa mtoto. Tulimzika kwao, karibu na Kendu Bay, Jumamosi, tarehe 9 Aprili 1994. Kwa kuwa hakuwa amejenga huko, ndugu zake walimwinulia nyumba ya udongo na mabati kwa haraka, maana kwa desturi ya Waluo mwanamume aliyeoa hazikwi bila nyumba yake. Kaburi likachimbwa mbele ya mlango. Maziko yalipokwisha nilirudi kazini Voi, na tangu hapo hapakuwa na neno kati ya boma lile na mimi, isipokuwa salamu chache zilizopitia kwa wasafiri. Nilikuwa mjane asiye na kaburi la kupalilia.

Jumanne nilishinda Nairobi, jioni nikapanda basi la kuelekea Homa Bay. Aliyeketi kando yangu alizungumza Kidholuo na jamaa wa kiti cha nyuma kwa muda mrefu, wakicheka. Nilimsikia Okelo katika kicheko chao. Naye alikuwa akicheka vile, kwa kifua chote, kila alipokutana na mtu wa kwao, nami nikisimama pembeni nikingoja kutafsiriwa. Miaka ishirini na miwili ya ndoa sikujifunza lugha ile zaidi ya salamu, kwa kuwa nyumbani kwetu Kiswahili kilitutosha. Usiku huo sikuwa na wa kunitafsiria.

Homa Bay, Jumatano asubuhi. Ziwa lilikuwa limetulia, jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na mlima Asego umesimama juu ya mji. Niliingia katika mkahawa mdogo nikaagiza chai na mahamri. Mwenye mkahawa, Bwana Athumani, alikuwa mtu wa Malindi, na aliponisikia nikiagiza alikuja mwenyewe kuniandalia.

"Kiswahili hicho si cha huku, mama," alisema. "Unakwenda kwa nani?"

"Kwa wakwe zangu. Hawana habari kwamba naja."

Akatikisa kichwa. "Basi shika adabu za kwetu, hutaharibikiwa. Piga hodi langoni, usitie mguu mpaka uitikiwe. Keti unapoketishwa. Usiguse cha mtu. Mimi nimo katika mji huu mwaka wa kumi na tisa, na sijagombana na kiumbe."

"Basi wamekuzoea."

"Wamenizoea mno. Wananiita mgeni wetu."

Nilimshukuru. Ushauri wake ulikuwa ndio ule ule niliolelewa nao.

Kutoka Homa Bay nilipanda gari la mizigo lililokuwa likielekea Kendu Bay, nikashuka njia panda na kutembea hadi kwenye boma. Ua wa minyaa ulikuwa umerefuka, lakini lango lilikuwa lile lile, limeachwa wazi. Nilisimama nje yake, nikaweka mkoba chini, nikapiga hodi mara tatu kwa sauti ya mtu aliyefunzwa. Kutoka pale niliiona nyumba iliyojengwa kwa ajili ya Okelo. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa waya. Mbele yake, katikati ya majani, palikuwa na saruji ya kaburi. Mbuzi alikuwa amelala juu yake.

Mama mkwe alitokea katika mlango wa nyumba yake kubwa. Alinitazama kwa muda, kisha akasema neno kwa aliyekuwa ndani. Ndipo alipotoka Akoth, mke wa mdogo wake Okelo, akaja mpaka langoni kunipokea mkoba.

"Karibu, karibu sana. Mama anasema uingie. Anauliza kama safari ilikuwa mzuri."

Niliketishwa kwenye kiti chenye kitambaa kilichodariziwa. Nililetewa soda. Nilitoa kwa mikono miwili kopo la biskuti nililolifunga kwa karatasi ya maua, na mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati bila kulifungua. Nilichinjiwa kuku. Mama mkwe aliulizia afya yangu, mvua ya Voi, na afya yangu tena, Akoth akitafsiri. Kila jibu langu lilikuwa la heshima, na kila swali lake lilikuwa la heshima, na baina ya heshima hizo mbili hapakuwa na mahali pa kuchomeka swali langu. Nililazwa nyumbani kwa Akoth, kwenye kitanda chenye shuka mpya.

Alhamisi, tarehe 15. Niliamka nikachukua mtungi niende mtoni. Mama mkwe akautwaa mkononi mwangu kwa upole. Nilishika ufagio, Akoth akausogeza. "Wacha tu, mgeni hukaa." Nilikaa. Kiti changu kilihamishwa kufuata kivuli, asubuhi upande huu, mchana upande ule, nami nikihamishwa nacho. Ng'ambo ya uwanja mbuzi alipanda kaburi, akashuka, akapanda tena. Hakuna aliyeniambia, "Twende tukamwone mumeo." Kuinuka mwenyewe na kwenda bila kupelekwa, katika boma la watu, niliona ni utovu wa adabu ambao marehemu asingenisamehe. Nilisema moyoni: basi jibu ndilo hili. Nimejibiwa bila kuuliza. Sijapata kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwenye kiti kile, nikiwa nimezungukwa na watu wanaonitendea mema.

Alasiri Akoth alikwenda ufuoni kuanua omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, aliokuwa ameanika juu ya nyavu kuukuu. Niliomba kufuatana naye. Tulikuwa tumeinama wote wawili, samaki wakituchoma vidole kwa joto la jua, niliposhindwa kujizuia.

"Akoth, kesho nitaondoka. Je, sitaonyeshwa kaburi la mume wangu?"

Aliinuka wima, omena mkononi.

"Kuonyeshwa? Na nani?"

"Na nyinyi. Nimengoja siku mbili."

"Wewe ndio unangoja? Sisi ndio tunangoja!" Alianza kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha. "Nyieka, hiyo kaburi iko mbele ya nyumba yako. Yako! Nani atakufungulia mlango yako? Mimi? Mimi niguse mlango ya mwanamke mwingine, watu waseme nini?"

Nyieka ni neno wanaloitana wake wa ndugu. Tangu nifike hakuwa ameniita hivyo.

"Niliketi nilipoketishwa," nilisema.

"Si wewe ulisimama kwa lango ukaita hodi, hodi, hodi, kama mtu wa kuuza sabuni! Mke wa boma hupiga hodi kwake? Mama alisikia hiyo hodi akaniambia, 'Huyu amekuja kutuaga. Amepata mtu huko kwao.' Hata biskuti yako hajafungua. Anasema hawezi kula biskuti ya kuagwa."

"Na kuku?"

"Kuku ni ya mgeni. Ulikuja kama mgeni, tukakuchinjia. Ungeingia tu, ukatupa mkoba kwa nyumba yako, ukaitisha maji, sasa hivi ungekuwa umeshagombana na mama mara tatu."

Niliokota omena waliobaki. Hodi ile ndiyo iliyokuwa heshima yangu kubwa kuliko zote. Nilikuwa nimeibeba kutoka Voi, ikaimarishwa Homa Bay, nikaifikisha salama mpaka langoni, na huko ikawa ndiyo taarifa kwamba mimi si wao. Nao hawakunieleza, kwa kuwa walidhani nimesema nilichokusudia.

Ijumaa asubuhi, tarehe 16, nilipita mbele ya mama mkwe, nikamsalimu huku nikitembea, nikavuka uwanja. Nilimfukuza mbuzi. Niliweka kiganja changu juu ya saruji, ikiwa bado na ubaridi wa usiku, nikamwambia Okelo maneno ambayo hayahusu safari hii. Kisha nikafungua waya. Kuku wawili wakaruka nje. Ndani mlikuwa na vumbi, manyoya, na kiti kimoja cha miguu mitatu. Nilifunga leso kiunoni, nikatwaa ufagio wa Akoth bila kuuomba, nikaanza.

Sikuwa nimefika hata katikati ya chumba niliposikia sauti. Mama mkwe alikuwa amesimama nje, umbali wa heshima kutoka mlangoni, akipiga kelele kwa Kidholuo, mkono mmoja kiunoni, wa pili ukionyesha ufagio, paa, jua, kisha mimi. Hakumngoja Akoth. Nilisimama nikamsikiliza hadi mwisho, sikuelewa hata neno moja, na machozi yalinitoka kwa furaha.

Akoth alikuja mbio akicheka. "Anasema unafagia kama mtu wa mjini, vumbi unarudisha kwa nyumba. Anasema Sabato inaingia jioni na wewe ndio unaanza kazi sasa. Anasema ulikuwa wapi miaka hii yote mbuzi akilalia mtoto wake."

"Mwambie nilikuwa langoni."

Akoth alitafsiri. Mama mkwe aliingia nyumbani kwake akarudi na kopo la biskuti, karatasi imeshachanwa, akatafuna moja akiniangalia nikifagia.

Jumamosi tulikwenda kanisani, nikaketishwa miongoni mwa wake wa ukoo. Jumapili niliondoka. Hakuna aliyenisindikiza, hakuna aliyenifungia kuku wa safari. Mama mkwe alikuwa shambani, akapaza sauti bila kuinua mgongo, Akoth akitafsiri kando yake: nije Desemba, nilete leso mbili, na biskuti nisilete tena, zinamuumiza meno.

Homa Bay, Bwana Athumani aliniwekea chai. "Haya, mama. Walikusindikiza?"

"Hawakunisindikiza."

Alinihurumia sana, akakataa malipo ya chai. Nilitaka kumweleza, lakini watu walikuwa wengi, na miaka kumi na tisa si kitu cha kumvunjia mtu mbele ya wateja wake.

Wenzangu, adabu tulizofunzwa ni njema, nami sitaziacha. Ila siku hizi, nifikapo kwa watu wasio wa kwetu, huuliza mapema adabu yangu inasema nini masikioni mwao.

Nilifika Voi Jumanne, tarehe 20 Agosti. Nilifungua mlango nikaingia kimya, kama ilivyo desturi yangu tangu nifiwe. Sasa nina nyumba mbili, na ndani ya zote mbili hakuna anayeningoja. Lakini ng'ambo ya uwanja wa ile ya pili yupo mtu ambaye, nikichelewa Desemba, atanikemea.