Mimba ya Farasi wa Kasulo

Mimi ni daktari wa mifugo. Mbuzi, nguruwe, kuku, hao nawaweza. Farasi nilimsoma kitabuni tu, mpaka mwenye malori mmoja wa Kasulo, Mwislamu mpole ambaye kanzu yake sijui iliukwepaje udongo wetu mwekundu, aliponiita nimpime farasi jike wake. Alikuwa amempandisha kwa dume la shamba moja miezi mitatu iliyopita.

"Mama docteur, kama hana mimba, kesho namuuzisha kwa mutu wa Dilolo. Ataenda kukokota mikokoteni."

Nilimhurumia yule mnyama kwa dhati, lakini huruma haizuii teke. Kipimo chenyewe ni kuingiza mkono kwa nyuma mpaka begani, ulipapase tumbo la uzazi. Mbuzi hajawahi kunipiga juu ya goti, na huyu angenifikia kifuani bila kujitahidi. Basi nikasimama ubavuni, nikatia stetoskopu masikioni, nikajifanya bingwa.

Tok, tok, tok. Moyo wa mtoto! Au nilitaka uwe.

"Tata, mimba iko," nikatangaza. Safari ya Dilolo ikafutwa, nikaletewa soda, nikanywa bila aibu.

Wiki iliyofuata nilirudi kumsikiliza mtoto wangu. Tok, tok, ikaendelea vizuri mpaka saa sita mchana, ikakatika. Nikadhani mtoto amekufa. Kisha chini ya sakafu ya zizi mtu akacheka, na harufu ya samaki wa kukaanga ikapanda kupitia ufa. Wachimbaji wa kobalti, waliochimba handaki mpaka chini ya zizi, walikuwa wameweka nyundo chini, wanakula bukari, ugali wao.

Mwenye farasi alitazama sakafu, akanitazama mimi. "Docteur, ile siku ulisikiaka nini?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikavaa glavu ndefu, nikamwomba Mungu, nikaingiza mkono. Mkia ulinichapa usoni, lakini vidole vikafika, na hapo palikuwa na uvimbe wa mviringo, umejaa kama papai. Nikalia kweli, kwa furaha na kwa aibu pamoja.

"Tata, ile siku nilikudanganya juu ya woga wa teke. Leo nakuambia ukweli, mimba iko."

"Na leo nikuamini juu ya nini?"

Nikamwonyesha mkono wangu, mavi mpaka begani.

"Tata, uwongo haifikake mpaka hapa."