Kaburi Nililolichimba kwa Mdomo

Kila asubuhi nakimbia kutoka kwangu hapa Geita mjini hadi njia ya machimboni na kurudi, nimevaa fulana ya klabu yetu ya mazoezi. Nakimbia kweli, si utani. Shida ni kwamba nikimaliza nakula kama mtu aliyetoka jela, na kitambi changu siku hizi kinafika nyumbani kabla yangu.

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye nyumba yenye msiba. Harufu ya nyama ikanisimamisha. Nilikuwa nimelowa jasho, viatu vimejaa vumbi jekundu, na mama mmoja mpishi akaniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane," akaniita mwanawe kwa Kisukuma. "Umetoka kaburini? Wachimbaji mnakula kwanza, keti hapo."

Mtu mwenye haya angekataa. Mimi nikaketi, nikaegemea ukuta. Ugali ukaja na nyama, nikala, nikaongezwa. Nilipoomba tena, mama akauliza, "Kwani kaburi limefika wapi?"

Nikajibu mdomo umejaa, "Limeisha, mama."

Akaenda kuwaambia wafiwa. Mara jeneza likatolewa nje, vilio vikapanda, padri akafungua kitabu chake. Hapo ndipo wakatokea wanaume wenye majembe na sururu.

"Jamani, tumegonga mwamba! Hatujafika hata magotini. Nani kasema limeisha?"

Yule mama akaninyooshea mwiko. Nikainuka nitoke mbio, nikageuka, na msiba mzima ukasoma maandishi makubwa mgongoni mwangu: PUNGUZA KITAMBI.