Mikono ya Zuleide

Hapa mjini kwetu Caicó hakuna aliyejua kutia nyama chumvi kama jirani yangu Zuleide. Aliipasua mapande mapana, akaisugua kwa viganja, akaitundika upenuni ikauke. Watu walitoka miji mingine kuifuata.

Kisha presha ikampanda. Alipewa vidonge vya aina tatu, lakini wapi. Wifi yake Ivonete, mwenye mdomo usio na breki, akatangaza kwamba chumvi ya nyama inamwingia kupitia mikono. Nasi watu wazima na akili zetu tukaamini. Mama yake Zuleide, aliyefanya kazi hiyohiyo, si alianguka akafa kabla ya uzee? Zuleide akaogopa, akauza visu, akawa anafua nguo za watu na kula maharage yasiyo na ladha. Presha haikushuka hata kidogo.

Mwaka huu akaja daktari mgeni zahanatini, Tarcila. Alishangaa kusikia Zuleide hajawahi kupimwa homoni, akamtoa damu. Siku ya majibu nilimsindikiza.

"Mama, chumvi haipiti viganjani," daktari alisema. "Ya chakula endelea kuipunguza. Ila tezi iliyo juu ya figo yako inamwaga homoni kupita kiasi, na homoni hiyo inaulazimisha mwili kung'ang'ania chumvi. Dawa yake ipo."

Zuleide akauliza ni wangapi duniani wenye ugonjwa wa ajabu namna hiyo.

"Si wa ajabu. Kati ya watu ishirini wenye presha, mmoja au wawili wanao. Na kati ya wale ambao vidonge haviwasaidii, wenye nao ni wengi zaidi. Hatuwapimi tu."

Zuleide akasema taratibu, "Kwa hiyo mama yangu..."

Daktari akasema hana njia ya kujua sasa. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Nje, benchi lilijaa wagonjwa wa presha, Ivonete akiwemo, amefuata vidonge vyake vya aina nne. Akauliza kwa sauti kama imethibitishwa kwamba ni chumvi ya mikononi. Zuleide akaeleza yote mbele za watu.

Ivonete, ambaye hajawahi kugusa nyama mbichi maishani mwake, akainuka, uso umemsawijika.

"Wifi, na mimi je?"

Zuleide akageuka, akamgongea wifi yake mlango wa daktari.